Mbwa, Mwenyewe na Kisiwa: Historia Fupi ya Karantini na Chanjo ya Kichaa cha Mbwa

Utamaduni wa taifa lolote haumo katika ngoma, mavazi na mashairi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyoishi na wanyama wao: nani humfuga mnyama gani, mnyama huyo hulala wapi, hula nini, na akimdhuru jirani ni nani alipaye. Mintarafu ya ng'ombe, mbuzi na ngamia yameandikwa mengi. Mbwa hakupata bahati hiyo. Hutajwa katika methali na katika matusi, kisha husahauliwa mpaka siku atakapoonekana njiani taya limelegea, udenda unamtoka, naye anamuuma kila akutanaye naye. Siku hiyo watu hupiga kelele, hukimbilia marungu, na baada ya kishindo kupita huuliza swali moja: "Ni mbwa wa nani?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi, na waganga wameueleza vya kutosha. Lakini historia ya kuuzuia, kwa maoni yetu, ni historia ya mwenye mbwa: sheria ilimtaka afanye nini, ilimnyang'anya nini, nayo ilimwahidi nini badala yake. Tutaizungumza zaidi kwa mifano ya visiwa, kwa sababu kisiwa hurahisisha mambo. Bahari ni ukuta, bandari ni mlango, na kila mbwa aingiaye hapana budi aingizwe na mtu. Tutaanzia mbali, na mwisho tutafika Pemba.

Kwanza yafaa tuuelewe ugonjwa wenyewe. Virusi vyake huwa katika mate ya mnyama mgonjwa, navyo huingia mwilini kwa jeraha la meno. Havisafiri kwa damu. Hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na safari hiyo huchukua wiki kadhaa, aghalabu mwezi mmoja hadi mitatu, na pengine zaidi. Muda wote huo aliyeumwa huonekana mzima. Dalili zikishatokea, awe mtu awe mnyama, kupona hakutarajiwi tena. Ndiyo sababu matibabu ni ya kuwahi: kuliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, na kwenda hospitali kuchanjwa bila kungoja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kwa Tanzania, watafiti walikadiria mwaka 2002 kuwa hufa watu kama 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mno kuliko ile iliyokuwa ikiandikwa katika daftari za hospitali, kwani wengi hufia nyumbani.

Katika maelezo hayo zinatokea hesabu mbili za siku, na mwanafunzi anapaswa kuzitofautisha, maana hata watu wazima huzichanganya. Hesabu ya kwanza ni ya siku 10. Mbwa huanza kutoa virusi katika mate yake siku chache tu kabla ya kuugua. Kwa hiyo mbwa aliyemuuma mtu, akifungwa na kutazamwa siku 10, naye akabaki mzima, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na virusi. Hesabu ya pili ni ya miezi. Hiyo ni ya mbwa ambaye huenda yeye mwenyewe aliumwa mahali fulani, na ugonjwa bado unapanda mwilini mwake pole pole. Huyo siku 10 hazitoshi kumpima. Hesabu ya kwanza humlinda mtu aliyeumwa, nayo humlinda hata mbwa asiuawe bure. Hesabu ya pili huilinda nchi nzima. Ugomvi mwingi kati ya serikali na wenye mbwa, kama tutakavyoona, umetokana na hii ya pili.

Sheria ya zamani kuliko zote tunazozijua juu ya jambo hili iliandikwa kwenye vigae vya udongo katika mji wa Eshnunna, katika nchi iitwayo leo Iraki, yapata miaka 3,800 iliyopita. Ilisema kuwa kama mbwa ana kichaa (wapo wafasiri wasemao ni mbwa mkali tu), na wakubwa wa mtaa wamekwisha kumwarifu mwenyewe, naye asimzuie, kisha mbwa akamuuma mtu hata akafa, basi mwenyewe atalipa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, malipo ni shekeli 15. Tofauti ya bei ya roho za watu inatueleza habari za jamii ile, wala hatuna haja ya kuifafanua. Tunalotaka msomaji alitazame ni lile sharti la katikati: mwenyewe awe amekwisha arifiwa. Watu wale hawakujua virusi, lakini walijua kwamba haifai kumdai mtu kwa hatari ambayo hakuambiwa.

Sasa tuvuke hadi Uingereza ya karne ya 19, kwani huko ndiko karantini ya mbwa ilikokomaa na kuigwa na makoloni mengi. Neno lenyewe karantini ni la zamani zaidi. Limetokana na neno la Kiitalia lenye maana ya arobaini, yaani siku ambazo vyombo vilizuiliwa bandarini kwa hofu ya tauni. Watu wa Unguja walilijua kwa wanadamu kabla ya kulijua kwa wanyama: jengo la kisiwa cha Changuu, lililojengwa katika miaka ya 1890 liwe gereza, liligeuzwa kuwa mahali pa kuwatenga abiria wa merikebu.

Huko Uingereza kichaa cha mbwa kilikuwa hofu ya kila kiangazi. Njia ya awali ya serikali ilikuwa rungu na risasi. Mwaka 1867 polisi wa London walipewa uwezo wa kuwakamata mbwa wazururao na kuamuru kwamba mbwa wafungwe midomo kwa vifaa vya waya au ngozi. Amri za kufunga mbwa midomo zilitolewa tena na tena, zikiondolewa kila ugonjwa ulipopungua na kurudishwa kila ulipoongezeka, mpaka Walter Long, aliyekuwa Rais wa Bodi ya Kilimo kuanzia 1895, aliposhika msimamo kwamba amri itadumu katika kila wilaya yenye ugonjwa hadi ugonjwa uishe kabisa. Alichukiwa sana. Chama cha kuwatetea mbwa, kilichoanzishwa mwaka 1891, kilikuwa mbele katika kuzipinga amri hizo, na wenye mbwa walisema kuwa wananyanyaswa majumbani mwao.

Malalamiko hayo hayakuwa upuuzi mtupu. Makundi ya mbwa wa mabwana, wale wa kuwindia mbweha kwa farasi, yalisamehewa kufungwa midomo wakati wa kuwinda. Mbwa wa fundi viatu, alalaye mlangoni na kumlinda mwenyewe, alifungwa. Wa bwana mkubwa, anayepita mashamba ya vijiji kumi kwa siku moja, hakufungwa. Watu maskini waliona vizuri kwamba virusi havichagui, bali amri ndiyo ichaguayo. Hata hivyo amri ilifanya kazi. Mwaka 1897 ilitolewa pia amri ya kuwazuia mbwa waingiao kutoka nje, na mwanzoni mwa karne iliyofuata muda wa kutengwa ukawekwa miezi 6. Mwaka 1902 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha Uingereza, bila ya mbwa hata mmoja kuchanjwa.

Ushindi huo uliwafundisha Waingereza kuiamini bahari kupita kiasi. Mwaka 1918 askari waliorudi kutoka vitani Ulaya walificha mbwa wao katika mizigo wakawapitisha bandarini, na ugonjwa ukazuka upya kusini magharibi mwa nchi. Haukumalizika hadi 1922. Twaweza kumwelewa yule askari. Amekaa na mbwa yule katika mahandaki, na sasa anaambiwa amtie kifungoni miezi sita kwa gharama yake, gharama inayopita mshahara wake. Akakata shauri kumficha. Hapa pana udhaifu wa kila karantini iliyo ndefu na ya ghali: mwaminifu hulipa, na mwenye kuhofu gharama hupita kando, na ugonjwa hupita naye.

Kabla ya kuendelea na Uingereza, turudi nyuma kidogo tuitazame silaha ya pili. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa huko Alsace. Mtoto alipona. Mwaka uliofuata walifika Paris Warusi 19 kutoka Smolensk walioumwa na mbwa mwitu mwenye kichaa, nao 16 waliokoka. Lakini chanjo ile ilikuwa ya watu walioumwa tayari. Kumchanja mbwa mwenyewe kwa wingi, kabla hajauma, kulijaribiwa kwanza Japani katika miaka ya 1920, na chanjo iliyofaa kwa kazi hiyo ilipatikana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Japani ilitunga sheria mwaka 1950: kila mbwa aandikishwe, achanjwe, na asiye na mwenyewe akamatwe. Katika muda wa miaka saba, mwaka 1957, ugonjwa ukawa umekwisha katika visiwa vyote vya nchi hiyo.

Tangu hapo mwenye mbwa alipata kitu ambacho Mwingereza wa 1897 hakuwa nacho, nacho ni cheti. Karatasi hiyo ndogo ilibadili hali yake mbele ya sheria. Kabla yake aliweza kutoa kitu kimoja tu kama dhamana, yaani muda: mfungie mbwa wangu, tungoje tuone. Sasa aliweza kuonyesha kwamba mbwa wake ana kinga. Nchini Marekani, kwa mfano, mwongozo wa madaktari wa mifugo wa mwaka 2016 ulieleza kwamba mbwa aliyechanjwa, akiumwa na mnyama mwenye kichaa, huongezewa chanjo na kutazamwa nyumbani kwa siku 45. Asiyechanjwa huuawa, au hutengwa kwa miezi minne. Tofauti yote hiyo iko katika karatasi ambayo wengi huitupa kabatini bila kuisoma.

Uingereza haikukubali upesi. Mwaka 1969, katika mji wa Camberley, mbwa mmoja aliyeletwa kutoka Ujerumani alimaliza miezi yake sita ya karantini kama sheria ilivyotaka, akarudi kwa mwenyewe, na baada ya siku chache akashikwa na kichaa, akauma watu wawili. Wanyama wa mwituni karibu na mji huo walisakwa na kupigwa risasi. Mwaka uliofuata likatokea tukio jingine huko Newmarket. Kamati ikaundwa, na mwaka 1974 ikapitishwa sheria kali zaidi. Ajabu ni kwamba mbwa wa Camberley alikuwa ametimiza amri yote. Mwenyewe hakuficha kitu. Ilikuwa hesabu ya serikali iliyopungua, lakini adhabu zilizoongezwa zilimwangukia mwenye mbwa.

Ilichukua robo karne zaidi kabla mawazo kugeuka. Mwaka 1998 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Ian Kennedy ilishauri kwamba mbwa na paka kutoka nchi fulani waruhusiwe kuingia bila karantini, ili mradi wawe na kidude cha utambulisho chini ya ngozi, wawe wamechanjwa, na damu yao ipimwe ionekane kwamba chanjo imeshika. Mpango huo ulianza tarehe 28 Februari 2000. Msomaji atambue kwamba haukuwa mpango wa kulegeza. Ulimdai mwenye mbwa matayarisho ya miezi mingi. Ila ulimwachia mbwa wake akae nyumbani wakati matayarisho hayo yakiendelea, na kila sharti lilikuwa jambo ambalo yeye mwenyewe aliweza kulitimiza na kulithibitisha.

Kisa ambacho sisi tunakiona kuwa na mafunzo makubwa zaidi kilitokea katika visiwa vya Hawaii. Visiwa hivyo havijapata kuwa na kichaa cha mbwa, na tangu 1912 vilikuwa na karantini. Muda wake ulifika kuwa siku 120 kwa kila mbwa aingiaye, hata awe amechanjwa mara ngapi. Wakatokea watu wasioona, ambao hutembea kwa kuongozwa na mbwa waliofundishwa kazi hiyo. Kwao kuzuiliwa kwa mbwa siku 120 hakukuwa sawa na kuzuiliwa kwa mbwa wa mtu mwingine. Ilikuwa kama kuzuiliwa wao wenyewe: hawawezi kwenda sokoni, kazini, wala kupanda basi peke yao. Serikali iliwajibu kwamba karantini ni ya wote, haimbagui mtu, na kwamba wanaruhusiwa kufanya mazoezi na mbwa wao ndani ya kituo. Mmoja wao, Vernon Crowder, pamoja na wenziwe, wakaishtaki serikali ya jimbo. Walishindwa katika mahakama ya kwanza. Mwaka 1996 mahakama ya rufani iliamua kwamba amri iliyo sawa kwa wote kwa maneno yaweza kuwa si sawa kwa matendo, na kwamba serikali haiwezi kukataa hata kuchunguza kama chanjo na vipimo vingeweza kuchukua nafasi ya kifungo kwa mbwa wa watu hao. Mahakama haikusema kwamba mtu asiyeona ana haki ya kuingiza ugonjwa. Ilisema kwamba hatari yapaswa ipimwe kwanza, na njia isiyomwumiza mtu itafutwe kabla ya kuikataa. Baadaye mbwa wa kuwaongoza wasioona waliruhusiwa kuingia kwa masharti ya chanjo na vipimo.

Baada ya kusafiri kote huko, tugeukie kwetu Afrika ya Mashariki.

Nchini Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912. Tanganyika habari za uhakika zinaanza katika miaka ya 1930. Serikali za kikoloni zilileta amri zile zile za kwao, isipokuwa hapa hapakuwa na bahari ya kuuzuia ugonjwa: mbwa wa kijiji kimoja ni jirani wa mbwa wa kijiji cha pili, na wote ni majirani wa fisi na bweha. Mbwa waliamriwa kufungwa kamba. Asiyefungwa alipigwa risasi. Desturi hiyo haikuondoka na bendera ya mkoloni. Baadhi yetu tunakumbuka utotoni siku za kuuawa mbwa, jinsi milio ya bunduki ilivyosikika tangu alfajiri, na jinsi watoto walivyowaficha mbwa wao chini ya vitanda na ndani ya maghala, wakiwafunga midomo kwa vitambaa wasibweke. Kumbukumbu hiyo twaileta hapa kama ushahidi. Mbwa aliyefichwa hawezi kuchanjwa, na familia iliyomficha mbwa mara moja itamficha tena siku atakapokuja bwana mifugo na sindano badala ya bunduki.

Tena ilikuwapo dhana potofu katika amri hizo, nayo ni neno "koko". Wakubwa walimwona mbwa azururaye wakamwita koko, yaani asiye na mtu. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania umeonyesha kinyume chake: wengi mno wa mbwa wanaozurura wana wenyewe. Hurudi nyumbani jioni, hulinda boma usiku, huenda na wachungaji malishoni. Hawafungwi kwa sababu kazi yao si ya kufungwa. Kumpiga risasi mbwa wa namna hiyo hakupunguzi ugonjwa, maana mwenyewe, ambaye bado anahitaji mlinzi, hutafuta mbwa mdogo mwingine asiye na kinga yoyote, pengine kutoka kijiji chenye ugonjwa. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Walijua kwamba haiwezekani kushughulika na mbwa na kumwacha msasi.

Jaribio la kushughulika na wote wawili lilifanyika wilayani Serengeti kuanzia 1996. Huko palikuwa pamekwisha kutokea hasara nyingine: mbwa mwitu wa Serengeti, ambao si mbwa wa mtu, walikumbwa na kichaa hicho, na kufikia mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na wataalamu yalikuwa yametoweka. Katika vijiji vya wilaya hiyo mbwa walichanjwa kwa kampeni, wenyewe wakiitwa wawalete. Kiasi cha 60 hadi 70 katika kila mbwa 100 walichanjwa, na ugonjwa miongoni mwa mbwa ukapungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ile ya pili. Idadi ya watu waliokwenda hospitali kwa kuumwa na mbwa wenye kichaa nayo ilishuka. Hapakuwa na haja ya kumpata kila mbwa. Mbwa mmoja mgonjwa, kwa wastani, huambukiza mbwa zaidi kidogo ya mmoja. Ukiwakinga saba katika kila kumi, mnyororo hukatika.

Pemba ndiko mambo haya yote mawili, kisiwa na chanjo, yalikokutana. Baina ya Pemba na bara upo mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita 50 hivi na kina kirefu. Pemba ni nchi ya Waislamu, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mgeni angedhani basi hakuna mbwa. Lakini wapo, kwani dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwindia, wa kuchungia na wa kulinda, na mkulima wa Pemba ana mashamba ya kulinda. Tofauti ni kwamba mbwa wa Pemba hukaa mbali kidogo na mikono ya mwenyewe, naye mwenyewe pengine huona haya kusema mbele za watu, "Huyu ni wangu." Kwa mchanjaji hiyo si tofauti ndogo. (Kwa hakika si kazi yetu kudai kwamba kuosha mara saba kuliwekwa kwa ajili ya kichaa, lakini mwalimu wa Pemba anayewafundisha watoto kuosha jeraha kwa dakika 15 hawaambii jambo geni.)

Mwaka 2010 kisiwani humo palikuwa na minyororo mitano ya maambukizo ikiendelea kwa pamoja. Watafiti waliijua kwa kufuatia kila habari ya kuumwa, nyumba hadi nyumba, na kwa kusoma chembe za urithi za virusi vyenyewe. Chanjo ya mbwa ikaanza kutolewa kisiwa kizima kila mwaka, mwanzoni kwa upungufu, kisha kwa utaratibu mzuri zaidi, na kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Halafu yakatokea yale yale ya Uingereza ya 1918. Ugonjwa ulipokosekana, chanjo ikaachwa. Mbwa wetu hawaishi miaka mingi. Baada ya misimu miwili ya kuzaa, wengi waliokuwa wakitembea Wete na Chake Chake walikuwa hawajapata kuiona sindano. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia Pemba kutoka nje mara mbili, na ugonjwa ukarudi. Virusi havivuki mkondo ule ila ndani ya mnyama, na mnyama havuki ila kwa chombo. Kwa hiyo angalau mara mbili mtu alimpakia chomboni mbwa aliyeonekana mzima, akashuka naye ufukweni, na wala huenda hakuwa na nia mbaya kuliko yule askari mwenye mbwa katika mzigo wake.

Chanjo ya kisiwa kizima ikarudishwa, na Oktoba 2018 ugonjwa ukakatika kwa mara ya pili.

Tanzania ilikwisha kuwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, inayowapa maofisa uwezo wa kuwazuia wanyama na kuwatenga. Uwezo huo unahitajika, hasa bandarini. Lakini karantini ya miezi humtaka mwenyewe alipe banda, chakula na mlinzi, na mvuvi anayevuka na mbwa mmoja hawezi gharama hiyo. Akidaiwa atapita bandari bubu, ambazo katika mwambao wetu ni nyingi kuliko zile zenye ofisi. Chanjo wiki kadhaa kabla ya safari, na cheti chenye tarehe, huyaweza. Kadhalika mbwa aliyemuuma mtu hafai kupigwa marungu hapo hapo kama anaweza kufungwa salama. Mwenyewe aambiwe hesabu ya siku 10 na maana yake, aonyeshwe mahali pa kumfunga, na siku ya 11 arudishiwe mbwa wake akiwa mzima. Akijua kwamba atarudishiwa, atakuwa wa kwanza kutoa taarifa, na aliyeumwa ataanza chanjo siku ile ile badala ya kusubiri mpaka fununu imfikie mganga.

Jambo moja limebaki, na sheria zote tulizozitaja, tangu vigae vya Eshnunna, hazilisemi. Sheria humwita mwenye mbwa kana kwamba daima ni mtu mzima mwenye mali. Ukienda kwenye kituo cha chanjo kijijini, chini ya mwembe au katika uwanja wa shule, utaona foleni ya wenye mbwa, na wengi wao ni watoto. Wao ndio waliompa mbwa jina, wao ndio anaowasikia, na wao ndio waliotumwa kumleta, wengine kwa kamba ya katani, wengine kwa ukanda wa baba. Mchanjaji huandika daftarini jina la mkuu wa kaya, ambaye yuko shambani. Kisha hummwambia mtoto amshike mbwa kichwa, kwa mikono miwili, akae karibu na meno yake, mpaka sindano itoke.